Sura ya Nne: Hela za Kutembea Unazitoa Wapi?

Kila mwenye tabia ya kutembea ameshaulizwa. Anaulizwa na jirani, na mfanyakazi mwenzake, na shangazi aliyekaa naye mkekani msibani: "Hivi wewe mwenzetu, hela za kutembea unazitoa wapi?" Mara nyingine ni swali la kweli. Mara nyingine ni lawama. Muulizaji anataka kusema kwamba kama unayo ya kwenda Kigoma kutazama ziwa, basi unayo ya kupaua nyumba, ya kuoa, au ya kumchangia binamu yako ada.

Katika sura hii nitalijibu kwa shilingi, kama lilivyoulizwa. Kwa "kutembea" nina maana ya safari ya hiari: hakuna aliyefiwa, hakuna aliyekutuma, ofisi haikulipi posho. Unakwenda kwa sababu unataka kupaona mahali. Msimamo wangu nautoa mapema: safari za namna hiyo huwashinda watu wengi kwa haraka yao kuliko kwa mishahara yao. Haraka ndiyo inayokuuzia tiketi ya dakika ya mwisho, teksi ya kutoka stendi, chumba cha kwanza ulichokiona, na gari la kukodi uliloingia peke yako.

Unalipia nini hasa?

Ukiichambua safari yoyote utakuta malipo manne: kufika, kulala, kula na kuingia, yaani kiingilio cha hifadhi, makumbusho au magofu. Tuanze na kufika, maana hapo ndipo watu wanapokisia sana bila kupiga hesabu.

Tanzania Bara, nauli za mabasi ya mikoani zina ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho mwenye basi haruhusiwi kukivuka. Anayeupanga ni LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Mwishoni mwa mwaka 2023 ukomo huo uliwekwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita ya lami kwa basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati, lile lenye viti vya nafasi na kiyoyozi. Viwango hubadilika, lakini njia ya kupiga hesabu ni ileile. Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 830. Zidisha: daraja la kawaida ni kama shilingi 40,000, daraja la kati kama 56,000. Tofauti ni 16,000, ambayo katika miji mingi ya mikoani inakulaza gesti usiku mmoja. Sikuambii uchague lipi. Nataka tu ujue kwamba pale unapolipia kiyoyozi, unalipa kwa usiku mmoja wa safari yako.

Njia hiyohiyo ina reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Treni hii inasifika kwa kuchelewa, na kabla ya kupanga lolote ulizia kituoni kama wiki hiyo inatembea. Lakini mwenye nafasi hupata vitu ambavyo basi halina. Daraja la pili lina vitanda, kwa hiyo usiku ule hulipii gesti. Reli inakatiza hifadhi ya Nyerere, ile iliyokuwa sehemu ya Selous, na abiria wa dirishani huwaona twiga bila kulipa kiingilio. Ikishaipita Mlimba inaanza kupanda milima kuelekea Makambako, mahandaki na madaraja yanafuatana, na watu waliokuwa wamelala wanaamka wenyewe wakatoe vichwa nje.

Kuna treni moja inayoiharibu kidogo hoja yangu. Ile ya umeme, SGR, ilipofika Dodoma katikati ya mwaka 2024 nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000, na safari ni ya saa chache tu. Hapo haraka ilikuja kwa bei nafuu. Ni nadra, kwa hiyo ukiipata itumie.

Panda wakati wenzako wameshuka

Mtu wa Dar anayetaka kuiona Moshi kwa mara ya kwanza asiende tarehe 22 Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi yamejaa, walanguzi wanauza tiketi kwa bei wanayoitaka wao, na gesti zimeshikwa. Aende Februari. Mlima ni uleule, na mwezi huo mara nyingi anga liko wazi hata kilele kinaonekana asubuhi.

Wenye hoteli wanaita kipindi kama hicho msimu wa chini, yaani miezi ambayo wageni ni wachache na bei hushuka. Zanzibar na pwani yote, msimu wa chini ni masika, hasa Aprili na Mei. Baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa, na zilizobaki wazi husikiliza mtu anapoomba apunguziwe. Utanyeshewa, hilo lazima niseme. Pia barabara za udongo hukatika na bahari huchafuka, kwa hiyo masika si wakati wa kupanga safari ya boti kutoka Nyamisati kwenda Mafia. Ni wakati wa kukaa Mji Mkongwe, kula urojo, na kutazama milango ya kuchonga mvua inapopumzika.

Mabaharia wa pwani yetu waliishi kwa kanuni hii karne nyingi. Jahazi lilishuka na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, likarudi kwao na kusi, na nahodha aliyetaka kuondoka nje ya majira alijua gharama yake. Walikaa bandarini miezi wakingoja upepo. Wengine walioa hukohuko.

Kulala, na bei ya kufikia kwa ndugu

Gesti za mikoani ni hazina ambayo vitabu vya wageni haviijui. Chumba safi chenye neti, choo cha ndani na ndoo ya maji ya moto asubuhi hupatikana kwa shilingi 15,000 hadi 25,000 katika miji mingi ya wilaya. Usilipe kabla ya kuona. Fungua bomba, washa feni, angalia kama kitasa kinafunga kwa ndani, sikiliza kama baa ya jirani imeelekeza spika zake dirishani kwako. Ukifika saa nane mchana unao muda wa kuzunguka gesti tatu. Ukifika saa nne usiku utalala popote. Pia zipo hosteli za misheni, nyumba za wageni za makanisa, ambazo nyingi hupokea mtu wa dini yoyote. Ni kimya, ni salama, na geti hufungwa mapema.

Lakini kwetu watu wengi wanapowaza pa kulala huwaza ndugu kwanza. Kila familia ina mjomba Tabora, dada Arusha, mtoto wa shangazi aliyeolewa Bukoba. Wengi huhesabu malazi hayo kuwa ya bure, na hapo ndipo wanapokosea.

Kufikia kwa ndugu kuna bei zake, nazo ziko wazi kwa aliyelelewa hapa. Huendi mikono mitupu. Unabeba mchele kama unatoka Kyela, samaki kama unatoka Mwanza, au angalau unaingia dukani pale mtaani ununue sukari, sabuni na mkate kabla hujabisha hodi. Watoto wa nyumba wanataka chochote. Siku ya kwanza hutoki, ni ya kukaa na kupashana habari za wagonjwa na wafu. Ya pili unapelekwa kwa wazee wengine, maana ikija kujulikana kwamba ulifika mjini ukapita bila kumsalimia bibi, kesi yake itakuwa kubwa kuliko nauli yako. Na mhenga alishapanga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mimi nasema lipokee hilo jembe. Mgeni anayeamka kuchota maji, anayekaa dukani shangazi akienda sokoni, anayewafundisha watoto hesabu jioni, hukaa wiki bila kumchosha mtu, na huuona mji kwa namna ambayo mtu wa hotelini hataiona. Ndugu ndiye anayekuambia mnada ni siku gani, mama ntilie gani anajua kupika maharage, na njia ipi usipite usiku. Ila kama shabaha yako ni kupanda mlima alfajiri na kurudi umechoka, lala gesti, kisha umtembelee ndugu Jumapili na zawadi yako. Itakuwa rahisi zaidi kwa wote wawili.

Kwa ufupi: lala kwa ndugu unapotaka kuishi mahali, lala gesti unapotaka kuzunguka, na fika mchana.

Bei ya mwananchi

Kuna Watanzania wengi wanaoamini kwamba hifadhi za taifa ni za Wazungu. Imani hiyo inatokana na kusikia bei za dola. Mgeni asiye mkazi hutozwa dola 70 kuingia Serengeti katika msimu wa wageni, kabla ya kodi. Mwananchi wa Afrika Mashariki, awe Mtanzania, Mkenya au Mganda, kwa viwango vya TANAPA amekuwa akitozwa shilingi 10,000, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani inakuwa 11,800. Hifadhi kama Mikumi ni nusu ya hapo. Unachotakiwa ni kuwa na kitambulisho.

Kinachoua ni gari. Huruhusiwi kutembea kwa miguu kati ya simba, kwa hiyo lazima uwe na gari, na gari la kukodi, mafuta yake na dereva wake ni mzigo wa watu sita au saba. Wanaofanikiwa huanza na watu: wanakusanyana kazini, kwaya, au darasa lililomaliza pamoja, wanajaza viti vyote, ndipo wanamtafuta mwenye gari. Ukienda peke yako unalipia viti sita vya hewa.

Na vipo vitu ambavyo havihitaji gari kabisa. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakatiza Mikumi kwa kilomita kama 50. Kaa dirishani, usilale baada ya Morogoro, na utawaona swala, nyati, pengine tembo, kwa nauli uliyokwisha kuilipa. Kilimanjaro nako, kufika Uhuru, mita 5,895, kunataka siku kadhaa, mwongozaji na wapagazi, na hakuna njia ya mkato ya halali. Lakini unaweza kupanda kutoka geti la Marangu hadi kibanda cha Mandara, karibu mita 2,700, na kushuka siku hiyohiyo. Utapita msituni, utawaona mbega weupe, na utalipia siku moja tu, pamoja na mwongozaji, ambaye hata hapo ni lazima.

Vifaa tafuta mitumbani. Soko la Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba kule Nairobi: viatu vya mlimani, makoti ya mvua na mabegi ya mgongoni hushushwa kwenye marobota pamoja na fulana za kawaida. Kagua soli. Kiatu kilichokaa stoo miaka mingi gundi yake hukauka, na soli hubanduka ukiwa mbali na fundi.

Kwa wanaotaka kuvuka mpaka, mambo mawili yana bei ambayo ukiigawanya haiumi. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, iliwekwa shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, sawa na shilingi 15,000 kwa mwaka. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tangu mwaka 2016, kinahesabiwa kuwa cha maisha.

Siku nne Lushoto, kwa mfano

Tuseme mtu anatoka Dar es Salaam kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara. Haya ni makadirio yangu, si bei rasmi, kwa mtu anayekula kwa mama ntilie na kutembea kwa miguu:

- Basi kwenda na kurudi: 40,000
- Gesti, usiku tatu kwa 20,000: 60,000
- Chakula, siku nne kwa 10,000: 40,000
- Mchango wa kumlipa mwongozaji wa msituni, mkiwa wanne: 15,000
- Akiba ya dharura: 30,000

Jumla ni 185,000. Wawili wakishirikiana chumba, kila mmoja anaokoa 30,000. Kwa hela hiyo unapata barabara inayopinda kutoka joto la Mombo hadi baridi ya kuvalia sweta, matunda damu barabarani, na ukingo wa Irente ambako mwamba unakatika ghafla na mashamba ya mkonge ya bondeni yanaonekana chini kabisa ya miguu yako. Kutoka mjini hadi pale ni mwendo wa miguu, na utapishana na akina mama wenye mizigo kichwani wanaokwenda kasi kuliko wewe.

Sasa rudi kwenye swali la shangazi. Shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku 185, ndiyo Lushoto.

Akiba isiyochimbwa na harusi

Najua unachotaka kuniambia. Hiyo 1,000 haikai. Vitabu vya ughaibuni humshauri msomaji aache kahawa ya mgahawani, auze kila kitu, aache kazi, azunguke dunia. Ushauri huo umeandikwa kwa mtu ambaye hakuna anayemtegemea. Mshahara wa kwetu una wenyewe: mdogo wako yuko chuo, mama ana presha, na simu ina makundi matatu ya michango ya harusi. Anayekuambia uache yote hayo ili uone dunia hakujui, na binafsi simwamini mtu anayesafiri kwa ada ya mdogo wake.

Kinachowezekana ni kuitenga hela ya safari mahali ambapo huwezi kuigusa ukiombwa. Kibubu cha mbao kinafaa, kwa sababu lazima ukivunje. Mchezo unafaa zaidi, yaani ule upatu ambao wanachama huchanga kila wiki au kila mwezi na mmoja hupokea zote. Mwombe kijumbe, yule anayekusanya, akupange zamu iangukie karibu na likizo yako. Waambie wenzako kabisa kwamba raundi hiyo ni ya safari. Hela iliyotangazwa shughuli yake haikopwi ovyo, na atakayekuja na shida ataambiwa na wenzako kabla hujafungua mdomo.

Michango nayo ipangie kiwango cha mwaka. Kikiisha, nenda harusini ukaoshe vyombo. Watu husema, lakini husahau. Msiba sina ushauri nao, msiba unalipiwa.

Kazi inayotembea

Baadhi ya watu hawaweki akiba ya safari hata kidogo, na ndio waliotembea kuliko sisi wote. Kazi yao ndiyo nauli yao. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325 akafika Kilwa mwaka 1331, na katika miaka yake ya njiani alihudumu kama kadhi Delhi na Maldivi, kwa sababu elimu ya sheria ilihitajika kila palipokuwa na Waislamu. Mwaka 1896 Mswahili mmoja, Selim bin Abakari, alifika hadi Urusi na Siberia akifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia, akasimulia aliyoyaona kwa Kiswahili. Simulizi lake likaingia katika mkusanyiko wa safari za Waswahili uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Na mwaka 2022 Mkenya James Kagambi alifika kilele cha Everest akiwa na umri wa miaka 62, baada ya maisha marefu ya kufundisha watu stadi za milimani.

Leo kazi za aina hiyo zipo mtaani. Wafanyabiashara wa minada huzunguka wilaya nzima juu ya marobota yao, kila siku soko jingine. Madereva wa malori wanaijua Lubumbashi kuliko wanavyoijua Posta ya Dar es Salaam. Baharia, fundi wa minara ya simu, mpiga picha za harusi, muuguzi anayekubali kituo cha mbali: wote wanalipwa kwenda mahali ambapo mwingine anajichanga kwenda. Sitaki kuzipamba. Mgumu, kama wanavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro, anabeba hadi kilo 20 za mtalii pamoja na vitu vyake mwenyewe, katika baridi ambayo mtalii amevalia nguo za gharama. Anauona mlima kila wiki, lakini hakuupanda ili kuuona.

Kwa kijana asiye na wategemezi, miaka miwili ya kazi ya namna hiyo inatosha kumpeleka mbali kuliko kibubu. Ukipewa nafasi ya kujitolea nje ya nchi kwa kubadilishana kazi na malazi, kwanza uliza ubalozi: nchi nyingi huhesabu hiyo kuwa kazi na hutaka kibali.

Mahali pasipobanwa

Bana chakula, bana chumba, bana kiyoyozi. Usibane haya: dawa na kipimo cha malaria, mwongozaji wa mlimani, hela ya kurudi ambayo huigusi mpaka siku ya kurudi, na chombo cha majini. La mwisho nalitilia mkazo. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyote vitatu vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake. Ukifika bandarini ukakuta chombo kimejaa mpaka watu wanasimama, usipande, hata kama tiketi umeshalipia. Rudi gesti, lala, usubiri cha kesho.